Tulipobandua Ukuta wa Cucu

Juzi nilimkuta binti yangu jikoni akikoroga unga wa ngano katika sufuria ya maji ya moto. Mtoto wake alikuwa ameambiwa shuleni abandike picha kwenye kadibodi, na gundi ya dukani ilikuwa imeisha. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Harufu ile ya unga unaoanza kuiva, nzito, yenye uchachu kidogo, ilinifanya nipanguse macho.

"Mama, una nini?" akaniuliza.

Nikamwambia ni moshi. Yeye anapikia gesi.

Nyumba niliyokulia ilikuwa Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha mbao, na aliijenga kwa mabanzi, yale mapande ya pembeni yenye magome ambayo wenye kiwanda waliyaona takataka. Mabanzi hayakai sawasawa. Kati ya moja na jingine palipita kidole, na mwezi wa saba, ukungu uliposhuka kutoka milima ya Nyandarua, tuliamka tukiwa na umande kwenye blanketi. Kwa hiyo mama na Cucu walibandika magazeti. Cucu, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, alikuwa mama yake baba. Mimi nilipewa jina lake, na kwa sababu hiyo hakuniita mjukuu. Aliniita wakini, mwenzangu wa jina.

Magazeti yalitoka ofisini kiwandani yakiwa yameshasomwa. Gundi ilikuwa uji wa unga wa ngano. Mama alipaka kwa kitambaa, Cucu akanyoosha kwa kiganja, na kila mwaka kabla ya Krismasi tabaka jipya lilipandishwa juu ya la zamani, kuta zikazidi kuwa nene na laini kama godoro. Sehemu moja tu haikufunikwa kamwe. Ilikuwa juu ya kichwa cha kitanda cha Cucu, na hapo palikuwa na picha.

Ilikuwa picha ya umati ukishangilia uhuru. Wengi walikuwa vidoa tu, vyeusi na vyeupe. Lakini mbele kidogo, upande wa kushoto, alisimama mwanamume mwembamba aliyembeba mtoto mabegani. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anacheka. Mama alinisimulia kwamba Cucu alimwona siku ileile ya kwanza ya kubandika, karatasi ikiwa mikononi mwake na uji ukimtiririka hadi kwenye viwiko. Aliketi chini, palepale kwenye sakafu ya udongo, akasema, "Huyu ni Kariuki."

Kariuki alikuwa kifungua mimba wake. Wakati wa hali ya hatari alichukuliwa na askari wa wakoloni pamoja na baba, wakapakiwa kwenye lori moja. Baba alirudi. Kariuki hakurudi. Nyumbani kwetu hakuna aliyesema zaidi ya hayo.

Kila asubuhi, kabla ya kushika jembe, Cucu aliinama karibu na ukuta akawasalimu. Alianza na Kariuki, ameamkaje, huko aliko kumenyesha? Kisha yule mtoto wa mabegani, na huyo alimwita "mume wangu". Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, kwa hiyo mtoto wa Kariuki hangekuwa na jina jingine ila Mathenge, jina la marehemu mume wa Cucu.

"Mume wangu, mbona hukui?" alimtania. "Wenzako wameshaanza shule."

Mimi sikuona ajabu yoyote. Niliamini watu wa ukutani wanatuona. Nilipovaa sare ya shule niligeukia mlango, kwa heshima ya baba mkubwa Kariuki. Mathenge nilimchukulia kuwa rika langu, nikampenda na kumwonea wivu kwa pamoja, maana mimi sikuwahi kubebwa mabegani. Baba hakuwa mtu wa mambo hayo. Alikuwa mrefu, mkimya, ana vumbi la mbao kwenye nyusi, na akiingia chumbani kwa Cucu kumjulia hali alisimama akiipa picha mgongo. Kila mara. Nikajua kwamba yeye na ndugu yake wamegombana.

Halafu kulikuwa na habari ya mchele. Krismasi mama alipika wali, mchele mzuri wa kutoka Wang'uru, na sisi tulilamba hadi sufuria. Baba alikula viazi peke yake mezani. Alisema wali unamsumbua tumbo. Nikayaweka pamoja mambo hayo kwa akili yangu ya kitoto: mtu asiyependa wali, asiyependa ndugu yake. Nilimwona baba ana roho mbaya, na nilimhurumia Cucu kwa kubakiwa na huyu badala ya yule anayecheka.

Maneno yaliyokuwa chini ya picha yalikuwa yamefunikwa na ukingo wa tangazo la sabuni. Nilipokuwa darasa la tatu mvua za masika zilipiga sana upande ule, tangazo likalegea, likaning'inia. Cucu aliona herufi zimejitokeza. Yeye hakujua kusoma. Aliniita nikiwa bado na begi mgongoni.

"Wakini, hapa pameandikwa nini?"

Nikapanda kitandani nikasoma kwa sauti, kidole kikifuata neno kwa neno. "Wakazi wa Mombasa wakishangilia." Mengine yalikuwa yamefutika.

"Soma tena."

Nikasoma tena, nikamweleza kwa Kikuyu maana yake. Watu wa Mombasa. Wanaoishi Mombasa.

"Mombasa ni wapi?"

"Ni mbali sana, Cucu. Mwalimu alisema mtu analala njiani ndani ya gari la moshi."

"Kumbe ni mbali," akasema. Alikipangusa kidole changu uji mkavu uliokishika, akarudia tena, "Kumbe ni mbali." Uso wake ulikuwa umefunguka. Miaka yote hiyo alikuwa akijiuliza mtoto gani huyu asiyekuja kumwona mama yake, na sasa alikuwa amepata sababu ya kumsamehe.

Tangu siku ile alianza kujiandaa. Alisuka kiondo cha mke wa Kariuki, mwanamke ambaye hakumjua hata jina. Alifumua sweta yake mwenyewe ya kijivu akaanza kumfumia Mathenge nyingine, na alinisimamisha mbele yake kupima mabega, akiongeza kidogo kwa sababu mvulana wa umri wangu angekuwa mpana zaidi. Kanisani aliwaambia wanawake wenzake, nao wakaja nyumbani kuitazama picha na kumpongeza. Mama aliwapa chai. Niliona mama akimimina hadi vikombe vikafurika, nikafikiri ni uchovu.

Jioni moja tukiwa tunakula, Cucu aliweka kijiko chini.

"Baba," akasema. Alimwita baba yangu hivyo kwa sababu alikuwa amepewa jina la baba yake yeye Cucu. "Baba, mahindi yakishavunwa unipeleke nikapande gari la moshi. Kama huna nafasi, wakini atanisindikiza. Yeye anajua kusoma."

Baba aliacha kutafuna. "Mama, Mombasa ni mji mkubwa."

"Nitauliza."

"Utauliza nini?"

"Nitauliza kwa Kariuki wa Mathenge. Mtu hawezi kuishi mahali miaka yote hii asijulikane."

Baba aliinuka akatoka nje bila kumaliza chakula. Mama akamfuata. Mimi nilitumwa kuchukua kuni, nikawasikia nyuma ya zizi.

"Mwambie," mama alikuwa akisema.

"Nitaanzia wapi?"

"Anzia popote. Lakini asipande hilo gari."

Kwangu mimi maana ilikuwa moja tu. Hawataki Cucu aende. Hawataki Kariuki arudi.

Jumamosi iliyofuata baba alirudi kutoka kazini mchana, amebeba mbao laini za kuta, nzima na zilizopigwa randa, alizokuwa ameruhusiwa kuzichukua kiwandani. Akavua koti. Alisema kunguni wamezidi na magazeti yote yatatoka leo. Ni kweli kunguni walikuwapo. Tulikuwa tumejikuna tangu nizaliwe. Mama alichemsha maji bila kumtazama, na mimi nikapewa beseni nishike.

Tulianzia sebuleni. Baba alilowesha ukuta kwa tambara, akangoja, kisha akaingiza kisu butu kwenye ukingo na kuvuta. Karatasi zilitoka kwa pamoja, mwaka juu ya mwaka, kwa sauti ya kitu kinachochanika pole. Harufu ilikuwa ya uji uliochacha na moshi wa jikoni. Ndani ya tabaka niliona Krismasi zetu zikitoka moja moja: matangazo ya baiskeli niliyokuwa nimeyasahau, uso wa mwanamke mwenye kofia ambaye nilikuwa nikimuogopa nikiwa mdogo. Kunguni walitimka kwenye nyufa. Nyuma ya yote hayo mabanzi yalikuwa meusi, na mwanga ukaingia kwa mistari kutoka nje, na baridi ikaingia nao. Nyumba yetu, niliyoijua kuwa na kuta za maneno na nyuso, ikawa kibanda cha kuwekea kuni.

Tulipofika chumbani kwa Cucu, tulimkuta ameketi kitandani, mgongo wake umeegemea picha.

"Hapa hakuna kunguni," akasema.

"Wapo, mama."

"Hawajaniuma."

"Mama, nakuomba utoke."

"Nikitoka utafanya nini?"

Baba alisimama na kisu mkononi, maji yakimdondoka kwenye vidole vya miguu. Mimi ndimi niliyejibu. Sijui nilipata wapi ujasiri, maana nyumbani kwetu mtoto hakuingilia maneno ya wakubwa.

"Baba anamchukia baba mkubwa Kariuki!"

Beseni likanitikisika, maji yakamwagika. Nilifumba macho kungojea kofi. Halikuja. Nilipoyafumbua, baba alikuwa ameketi sakafuni, kwenye maji yaleyale, mtu mrefu amejikunja kama mtoto.

"Simchukii," akaniambia. Kisha akamwinulia Cucu macho. "Mama, Kariuki hayuko Mombasa."

"Yuko wapi?"

"Nilimzika."

Mama, aliyekuwa mlangoni, alininyang'anya beseni akaliweka chini. Hakunitoa nje. Nadhani hakukumbuka kwamba nipo.

Baba alieleza kwa maneno machache, akitazama mikono yake. Walikuwa wamefungwa katika kambi kule nyanda za joto, ng'ambo ya Wang'uru, wakichimba mifereji ya maji ya mashamba ya mpunga. Homa iliingia kambini. Kariuki aliugua akawa bado anachimba, na asubuhi moja hakuamka. Baba na wanaume wengine wawili walimzika kwenye ukingo wa mfereji waliokuwa wakiuchimba, na mchana huohuo wakarudishwa kazini.

"Nilipoachiliwa nikakukuta kule kijijini mlikofungiwa," baba alisema. "Ulikuwa umekonda, mama. Kikombe kilikuwa kinakushinda kushika. Ukaniuliza mwenzako yuko wapi. Nikasema walitutenganisha. Nikajiambia nitakueleza ukipata nguvu." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Ukapata nguvu kwa sababu ya kumngoja."

Cucu hakulia. Alisogea hadi ukingoni mwa kitanda.

"Ulimfunika na nini?" akauliza.

"Na blanketi langu."

"Na wewe ulijifunika nini?"

"Sikujifunika."

Cucu aliinama akaweka kiganja chake kichwani pa baba, kwenye vumbi la mbao, akakiacha hapo. Kisha, bila kugeuka, akaonyesha ukuta nyuma yake.

"Na huyu mdogo? Mathenge je?"

"Huyo ni mtoto wa watu, mama."

"Mtoto wa watu," Cucu akarudia.

Hapo ndipo nilipoanza kulia. Baba mkubwa Kariuki sikuwahi kumjua, na kifo ni neno ambalo nilikuwa nimelisikia kwa majirani tu. Lakini Mathenge alikuwa mwenzangu. Nilikuwa nimemwambia mambo yangu ya shule. Kwa maneno matatu alikuwa ameondolewa kwetu, na hakufa hata. Alikuwa tu hajawahi kuwa wetu. Nililia hadi mama akanivuta kwenye leso yake.

Mama ndiye aliyesema picha ikatwe vizuri, ihifadhiwe kwenye Biblia. Cucu alishuka kitandani, baba akapanda na kuanza kupitisha ncha ya kisu kandokando ya yule mwanamume.

"Acha," Cucu akasema. "Huyo naye ana mama yake."

Alichukua tambara mwenyewe, akalichovya kwenye maji ya moto, akaulowesha ukuta polepole kama mtu anayemwosha mtoto uso. Akangoja. Alikwangua kwa kucha zake. Picha haikutoka nzima; ilikuwa imeshikana kabisa na ubao, ikatoka kama uji, kijivu, ikiviringika chini ya vidole vyake. Baba alitaka kumsaidia akakataa. Alipomaliza palikuwa na banzi tupu lenye magome, naye akalifuta kwa upindo wa nguo yake hadi likakauka.

Takataka zote tulizichoma uani. Jioni baba alipigilia mbao mpya, na nyumba ikawa safi, yenye joto kuliko wakati wowote, ikinukia utomvu wa mbao mbichi. Wageni waliisifu. Lakini asubuhi Cucu aliamka, akachukua jembe, akatoka. Nilikuwa nikilala naye chumba kimoja, na kimya kile cha asubuhi ndicho kilichonifundisha kwamba kuna kitu kimekufa. Sweta aliimaliza, akampa mtoto wa jirani. Kwa baba hakuwa mkali. Alimpakulia chakula, akamuuliza habari za kazi. Ila alimtazama wakati mwingine alipokuwa amegeuka, mabega yake, shingo yake, na mimi nilianza kumtazama pia. Nilikuwa nimeishi na mtu huyo maisha yangu yote bila kujua amebeba nini. Krismasi hiyo mama hakupika wali, na hakuna mtoto aliyeulizia.

Kabla ya Krismasi hiyo, mahindi yalipokwisha kuvunwa, Cucu alisema, "Baba, nipeleke nikaone."

Lori la kiwanda lilikuwa likipeleka mbao Wang'uru. Mimi na Cucu tuliketi mbele na dereva, na baba akapanda nyuma juu ya mbao. Tuliteremka kutoka kwenye baridi yetu hadi kwenye joto ambalo sikuwahi kulijua, nchi imelala tambarare, kijani hadi macho yanaposhindwa. Nilikuwa nimefikiri tutaona kambi, seng'enge, wanaume wamefungwa. Palikuwa na mpunga tu, na maji yakimeremeta katikati yake, na ndege weupe. Nilifikiri ni mahali pazuri mno, nikaona haya kufikiri hivyo.

Tulitembea kwenye kingo za mifereji, baba mbele. Alisimama, akatazama mlima ulioonekana kwa mbali, akahesabu kitu kwa midomo, akaendelea. Alirudi nyuma. Alivuka daraja la gogo akavuka tena. Mifereji yote ilifanana. Mwishowe alisimama mahali ambapo ukingo ulipinda, akainua mkono kuonyesha, na nikaona mkono ule unashuka.

"Mama, sipajui," akasema. "Wamechimba mingine. Sipajui tena."

"Basi," Cucu akasema. "Tukae hapa."

Aliketi ukingoni akavua viatu. Na hapo, mbele ya maji yale, alilia kilio ambacho hakukilia nyumbani, kwa sauti ya juu, mikono kichwani. Baba alisimama pembeni akiwa hajui aiweke wapi mikono yake.

Chini yetu wanawake walikuwa wakipanda miche, wameinama, nguo zimefungwa juu ya magoti. Mmoja wao alinyanyuka. Hakuwa Mkikuyu, alikuja mbio kwenye tope akauliza kwa Kiswahili, "Mama, nini? Umepoteza nini?"

Cucu alijua Kiswahili kidogo tu cha sokoni. "Mtoto," akajibu. "Mtoto yangu. Iko hapa. Kwa maji."

Yule mama alipiga yowe. Aligeuka akawaita wenzake, na wote wakaitupa miche wakaja mbio, wakaruka ndani ya mfereji na nguo zao, vijana kwa wazee. Maji yaliwafika kiunoni. Wakaanza kupapasa chini kwa mikono, wakiitana, huku jaribu, huku kuna majani, shikeni kule chini asipelekwe na maji. Mmoja alizama kabisa akaibuka na tope usoni, akazama tena.

Baba alishtuka. Alipiga hatua kuwaelekea, akainua mkono ili awaite, awaeleze.

Cucu alimshika upindo wa suruali. Alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anawatazama wanawake wale, wageni asiowajua hata mmoja, wakimtafuta mwanawe.

"Waache kidogo, baba," akasema. "Waache wamtafute kidogo."